KIPIMO CHA DAMU SI HATI YA UZIMA



Wengi wenu mmetuuliza habari ya wale watu wenye hema ambao huja Wamunyu siku ya soko, wakitangaza kwa kipaza sauti kwamba kwa damu kidogo tu watamwambia mtu kama ana kansa au hana, kansa yo yote, mahali po pote mwilini. Bei yao yatosha kununua mbuzi. Tumeona wachongaji, wafanya kazi wa hoteli na hata vibarua wa barabara wamesimama foleni hapo juani. Halmashauri imeona yafaa tuseme neno wazi, maana jambo hili limekwisha kutuumiza.

Ndugu yetu mmoja, mtu wa kupiga msasa kwa zaidi ya miaka ishirini, alikuwa akitokwa na damu puani, tundu la upande mmoja tu, na tundu hilo lilikuwa limeziba. Alikwenda hemani, akatolewa damu, akapewa karatasi yenye muhuri: hana kansa. Akafurahi sana, akaonyesha watu karatasi yake, akarudi kibandani kusugua twiga na vifaru. Karibu mwaka mzima hakwenda kwa daktari, kwa sababu karatasi alikuwa nayo. Alipokwenda, jicho la upande ule lilikuwa limeanza kuvimba. Daktari alimtia mpira mwembamba wenye kamera puani, akakata kinyama kidogo, kikapelekwa maabara, ikaonekana ni kansa. Sasa anatibiwa Nairobi nasi twamchangia nauli.

Hatusemi mwenye hema alikusudia kudanganya. Labda damu ilipimwa kweli. Twasema kwamba ilipimwa kwa kipimo kisichoweza kuonyesha ugonjwa ule. Kansa ya pua kama hiyo haitambuliwi kwa damu. Hutambuliwa kwa kutazama ndani na kukata kinyama. Na ugonjwa huo ndio unaotuhusu sisi watu wa mbao kuliko wengine. Mwaka 1968 madaktari wa Uingereza, Acheson na Hadfield pamoja na wenzao, walitoa habari za mafundi wa viti na meza wa upande wa High Wycombe, ambao kansa ya pua iliwapata kupita watu wengine, sababu ni vumbi la mbao. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa kansa lililo Lyon, Ufaransa, lilitangaza vumbi la mbao kuwa katika daraja la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Mzee Mutisya wa Munge, aliyeleta ufundi huu Wamunyu kutoka Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alichonga kwa tezo na kisu, na tezo hutoa vibanzi. Vumbi laini latoka katika msasa, na zaidi katika mashine.

Sasa mtauliza, je, vipimo vya damu vya kansa ni uongo? La, si uongo. Vina kazi yake, na mwenye kujua kazi yake hapotezi mbuzi.

Kansa nyingine hutoa kitu fulani ndani ya damu, na maabara huweza kukipima. Tezi ya kiume hutoa kitu kiitwacho PSA. Ini lenye kansa mara nyingi hutoa AFP, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa wingi na ini la mtoto aliye tumboni. Kansa ya utumbo mpana huweza kutoa CEA, na ile ya mifuko ya mayai ya wanawake CA 125. Lakini mwili usio na kansa nao hutoa vitu hivyo hivyo. PSA hupanda kwa mzee ambaye tezi yake imekua tu au imeingiwa na vijidudu. CEA hupanda kwa mvuta sigara. CA 125 hupanda mwanamke akiwa na mimba, hata akiwa katika siku zake. Na kwa upande mwingine, kuna wenye kansa ambao damu yao haionyeshi kitu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mtu wa Ukambani ajua ni mawingu mangapi yamepita juu ya shamba lake bila kuacha tone.

Faida kubwa ya vipimo hivi huonekana baada ya ugonjwa kujulikana. Hapo daktari hupima damu kabla ya matibabu, na baadaye tena na tena, atazame hesabu inashuka au inapanda. Jambo hili lilipata kumgharimu mtu kazi yake. Mwaka 1956 huko Marekani, Dr. Min Chiu Li alikuwa akitibu wanawake wenye kansa inayoanzia katika kondo la nyuma. Dawa ilifanya uvimbe upotee, mgonjwa akaonekana mzima, lakini homoni inayotolewa na kansa hiyo ilikuwa bado yapimika katika mkojo. Li akashikilia kwamba dawa iendelee mpaka homoni iishe kabisa. Wakubwa wake wakaona anawapa wagonjwa sumu bure, wakamfukuza. Baadaye ikaonekana kwamba wagonjwa walioachishwa dawa mapema kansa iliwarudia, na wale wa Li walipona. Mwaka 1972 alipewa nishani ya Lasker kwa kazi hiyo. Sisi watu wa chama twawajua wengi waliofukuzwa kwa kusema kweli. Waliopewa nishani baadaye ni wachache.

Kwa hiyo mwanachama aliye katika matibabu akiambiwa arudi kupimwa damu baada ya miezi mitatu, arudi, hata kama ajiona ana nguvu. Twajua wasiorudi, na sababu si ukaidi, ni nauli na ada ya maabara. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF, na mwenye mshahara akatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Fedha hizo ni jasho letu. Halmashauri yataka vipimo vya kufuatilia mgonjwa vilipwe humo kama dawa ilipwavyo, na mwanachama atakayetozwa kipimo hicho kwa mfuko wake atuletee habari.

Tena kuna kipimo kimoja cha damu ambacho twakitaka kwa kila mwanachama, nacho si cha kansa. Ni cha homa ya ini ya namna ya B. Mahindi yetu yana historia mbaya. Mwaka 1981 hapa Machakos watu 20 walilazwa hospitali kwa sumu ya aflatoksini, ile itokayo katika mahindi yenye ukungu, na 12 wakafa. Mwaka 2004 katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika waliugua 317, wakafa 125. Hao waliuawa na sumu nyingi kwa mara moja. Sumu kidogo kidogo kwa miaka haimlazi mtu, bali huweza kuleta kansa ya ini, na mwenye homa ya ini B hatari yake huzidi mara nyingi. Chanjo ya homa hiyo ilianza kupewa watoto wachanga wote wa Kenya mwaka 2001. Sisi tuliozaliwa kabla hatukuipata utotoni. Akionekana mtu hana ugonjwa, achanjwe. Akionekana anao, basi daktari atamtazama ini kwa mashine ya picha kila miezi sita, pengine na AFP pamoja, na hapo kipimo cha damu kitakuwa na maana, kwa kuwa anayepimwa ajulikana kwa nini apimwa.

Kuhusu vumbi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Wenye karakana wanaotuambia tufunge leso puani wajue kwamba leso haizuii vumbi laini. Nao wenzetu wanaochonga chini ya mti kwa ajili yao wenyewe hawana mwajiri wa kudai, kwa hiyo tumependekeza chama kinunue barakoa za vumbi kwa jumla na kuwauzia kwa bei ya kununulia. Mwenye pua inayoziba au kutoka damu upande mmoja kwa majuma matatu asije hemani wala asije kwetu kwanza, aende hospitali aseme yeye ni mtu wa mbao.

Waliolipa hemani na wana risiti, wazilete ofisini kabla ya mkutano ujao. Katibu ataziandika zote katika orodha moja, na orodha itapelekwa kwa afisa wa afya.