Sare ya Star Trek imebana? Tatizo si mwili wako

Kila Oktoba 31 inapokaribia, mashabiki wa Star Trek nchini Marekani hununua sare za wanaanga wa tamthilia hiyo kwa ajili ya Halloween. Wakizivaa nyumbani, mabega yanalegea au zipu inagoma.

Sababu ni rahisi: viwanda hushona saizi chache tu. Mwenye kifua kipana na kiuno chembamba hana yake.

Hata waigizaji yaliwakuta. The Next Generation ilipoanza 1987, sare za spandeksi zilikatwa ndogo ili zisionyeshe mikunjo. Patrick Stewart, aliyeigiza nahodha Picard, akaumwa mgongo. Kufikia msimu wa tatu, 1989, alikuwa amepewa koti na suruali ya sufu. Koti nalo likawa linapanda, kila akisimama analivuta chini!

Kwa hiyo afanyeje mnunuzi? Achukue kubwa kidogo. Kupunguza ni kazi ndogo kwa fundi. Kuongeza ni balaa, maana nguo za bei rahisi huachiwa kitambaa kidogo mno pembeni ya mshono. Ikibana kwapani, huwekwa kipande.

Kitambaa kinachovutika kinataka mshono wa zigizaga. Ule wa kawaida hukatika mtu akiinama. Pasi iwe ya moto mdogo, poliesta huyeyuka.

Ila kabla ya mkasi, kaa, inama, inua mikono. Nguo ikishakatwa, kuirudisha dukani sahau.