Mhasibu, Usijiuze kwa Butura

Wakubwa wa kazi hapa Bukoba na Muleba wana wosia wanaowapa wahasibu vijana, nao huutoa kwa huruma kabisa: ukihama tawi, unaanza upya. Ulikuwa mhasibu wa ushirika, sasa unataka kazi ya kodi? Wewe ni mgeni, pokea wanachokupa. Ulikuwa hospitali, sasa unaomba ukaguzi wa ndani? Punguza matarajio, shukuru umepata pa kuingilia. Waajiri nao wameushika wosia huo kwa mikono miwili, maana hauwagharimu kitu. "Mwanangu, kazi ya hapa ni nyingine. Tuanze na hiki kidogo, ukimaliza majaribio tutakaa tuzungumze." Kijana anajibu, "Sawa mzee, nashukuru," anatia saini, na kuanzia siku hiyo miaka yake sita ya kazi haimo tena kwenye mshahara wake.

Mimi nasema wosia huo ni wa kupotosha, na hapa mkoani Kagera unapotosha kuliko kwingine.

Huenda una mashiko kidogo katika makampuni makubwa ya ukaguzi ya Dar es Salaam, ambako mtu anaweza kukaa miaka mitano akishughulikia kodi tu, na mwenzake wa ukaguzi anamfahamu kwa kupishana kwenye lifti tu. Huku kwetu nani ana mhasibu wa namna hiyo? Mwangalie mhasibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya Muleba msimu wa kahawa ukichanganya. Asubuhi yuko kwenye mizani na katibu meneja. Mkulima analeta kahawa ya maganda, inapimwa, unyevu unakaguliwa, stakabadhi inaandikwa. Jioni analinganisha stakabadhi na kitabu cha ghala. Kahawa ikienda kukobolewa uzito unapungua karibu nusu, na yeye ndiye anayetakiwa kueleza kilo zilizopotea ni za ganda, za unyevu au za mtu. Fedha zikirudi kutoka mnadani, anatoa makato ya chama, ya chama kikuu na ya halmashauri kabla ya mkulima kuingiziwa chake kwenye akaunti. Bodi inamhoji, wakulima kwenye mkutano mkuu wanamhoji kwa ukali zaidi (na kwenye mkutano wa wakulima wa kahawa hakuna mzee asiyejua kuzidisha), kisha anakuja mkaguzi wa COASCO, shirika la kukagua vyama vya ushirika, anafungua majalada yote upya.

Mtu huyu akiomba kazi ya uhasibu wa gharama kiwandani, anaambiwa hana uzoefu wa gharama. Akiomba ukaguzi wa ndani, anaambiwa hajawahi kukagua. Zile kilo za ganda, za unyevu na za mtu zilikuwa nini?

Au nenda hospitali za mashirika ya dini, Rubya ya Wakatoliki au Ndolage ya Walutheri. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na tangu hapo mkoa huu umepokea fedha nyingi za wafadhili. Mhasibu aliyelelewa katika hospitali ya namna hiyo amezoea kupokea fedha taslimu dirishani, kudai malipo ya bima, kuandikia ruzuku ya Serikali taarifa yake na fungu la mfadhili taarifa nyingine, bila shilingi ya huku kulala kule. Anayemwita mwanafunzi kwa sababu anahamia shirika lisilo la kiserikali hajawahi kukaa naye meza moja mwisho wa mwezi.

Bodi ya wahasibu yenyewe, NBAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, haiwagawi watu hivyo. Anayetafuta CPA anatahiniwa kodi, ukaguzi, hesabu za menejimenti na fedha za umma, na anatoka na cheti kimoja. Matawi haya tunayoyaogopa yanatokana na mgawanyo wa meza ofisini, nasi tumeyageuza makabila.

Nikubali jambo moja, maana nisipolisema nitajibiwa nalo. Kuna vitu ambavyo mhamaji kweli havijui. Mhasibu wa hospitali anayekwenda kwenye ushauri wa kodi anaijua PAYE ya tarehe 7 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma, kwa sababu amezilipa miaka yote. Lakini huenda hajawahi kuandaa ritani ya VAT inayotakiwa ifike kabla ya tarehe 20 kupita, wala kuandika pingamizi dhidi ya makadirio ya TRA, ambalo lina siku 30 tu. Ukizembea siku hizo mteja analia, na kilio kinafika kwa mwajiri wako. Hilo ni pengo, nalo lina bei. Ila bei yake ni ya pengo lenyewe. Kama katika kazi kumi za nafasi hiyo nane unazifanya ukiwa umefumba macho, punguzo liwe la zile mbili, tena kwa miezi unayohitaji kuzijifunza. Mwajiri anayekata theluthi ya mshahara kwa ajili ya ritani moja, tena bila ukomo, anatafuta mhasibu mwenye uzoefu kwa bei ya asiye nao, na amempata kwa sababu tumemwandalia.

Serikali, ambayo hakuna anayeituhumu kwa kugawa mishahara ovyo, inalijua hili. Mtumishi wa umma akibadilishwa kada, anaweza kuingizwa kwenye cheo cha kuanzia cha kada mpya, lakini mshahara wake wa zamani ukiwa mkubwa kuliko wa cheo hicho, anaendelea nao kama mshahara binafsi mpaka ngazi za kada mpya zimfikie. Cheo kinaanza upya, mfuko hauanzi upya. Iweje mwenye kampuni ya watu 20 pale mjini Bukoba awe mbahili kuliko Hazina?

Ndiyo maana nasema tunajiuza kwa butura. Kila Mhaya anaijua butura: mkulima ana shida, ada ya shule imefika, anamuuzia mtu kahawa ingali maua mtini. Mnunuzi anataja bei ya hofu, si bei ya kahawa. Mavuno yakifika, mwenye shamba anachuma kwa jasho lake na kumpelekea mwingine. Viongozi wanaikemea butura kila msimu, wahasibu wa AMCOS wenyewe wanawaonya wakulima kuhusu hasara yake, halafu mhasibu huyo huyo anakwenda kwenye usaili na kuuza miaka mitatu ijayo kwa bei ya wiki ile aliyokuwa na wasiwasi. Na ile ahadi ya "tutakaa tuzungumze"? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amwandikie mwajiriwa masharti ya kazi, mshahara ukiwemo. Nyongeza ya baada ya majaribio iandikwe humo humo, kiasi na mwezi. Akikataa kuiandika, jua haipo.

Ajabu ni kwamba sisi tunaowafanyia wengine hesabu hatuzifanyi zetu. Swali la usaili likifika, "unatarajia kiasi gani?", mtu anataja mshahara wake wa sasa na kuongeza kidogo, basi. Chukua mhasibu wa halmashauri anayelipwa 1,000,000, ambaye bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo, anahamia kampuni binafsi kwa hizo hizo 1,000,000. Anadhani hajapoteza kitu. Serikalini anachangia mfuko wa pensheni wa PSSSF asilimia 5, mwajiri 15. Kwenye kampuni, NSSF kwa kawaida ni 10 kwa 10. Tuache bima ya afya pembeni. Serikalini ukiondoa mchango wa 50,000, PAYE ya 115,500 na asilimia 15 ya mshahara ya kulipia mkopo, anabaki na 684,500. Kwenye kampuni mchango ni 100,000, PAYE 103,000, mkopo ni ule ule, anabaki na 647,000. Kila mwezi 37,500 zimepungua, na akiba yake ya uzeeni haijakua hata senti, kwa sababu jumla ya michango ni asilimia 20 kote kuwili. Kilichotokea ni kwamba sasa analipa mwenyewe alichokuwa analipiwa na mwajiri. Ili mkononi abaki pale pale, lazima aandikiwe karibu 1,072,000. Hapo hata hajaomba nyongeza.

Kisha kuna hesabu ya makazi, ambayo katika mkoa huu si ndogo. Anayefanya kazi Muleba akilala kwao ana kibanja: ndizi zinakatwa nyuma ya nyumba, maharage yapo, kahawa inaleta chochote mwisho wa msimu. Akihamia Bukoba mjini, zaidi ya kilomita 60, anapanga chumba, ananunua mkungu sokoni, na Jumamosi analipa nauli kwenda kuangalia kibanja kile kile kilichokuwa kinamlisha. Mwajiri atakwambia hayo ni mambo yako ya nyumbani. Sawa, hana haja ya kuyajua. Wewe unatakiwa uyajue kabla ya kufungua mdomo, kwa sababu ndiyo yanayokuonyesha kiasi ambacho chini yake hufai kuhama.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaoamini kwamba CPA ni CPA na herufi tatu zinatosha kudai mshahara wa mkuu wa idara popote. Hao sina la kuwatetea. Cheti kinaonyesha ulifaulu mtihani. Hakisemi umewahi kufunga hesabu za kiwanda.

Hoja ninayosikia zaidi ya zote ni kwamba mji ni mdogo: ukikaza, watachukua mwingine, na foleni ni ndefu. Foleni ipo kweli. Lakini ni ya nani? Ya wahitimu wenye shahada wasiowahi kufunga mwaka wa fedha ni ndefu hadi nje ya geti. Ya watu waliokwisha kukaa mbele ya mkaguzi na kujibu hoja moja baada ya nyingine mpaka zikafungwa, haifiki hata mlangoni, na mwenye ofisi anajua. Mji mdogo una faida yake pia: mwenye kampuni anaweza kumpigia simu katibu meneja wako wa zamani leo leo na kuuliza hesabu zako zilikuwaje. Mpe namba hiyo kabla hajakuomba, halafu mtajie kiasi unachotaka, ukitaja na zile kazi mbili ambazo bado unajifunza na miezi utakayozimaliza. Akiona ni kikubwa, atasema. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia, na yeye ameshazoea, maana na wauza kahawa hujadiliana hivyo hivyo.