Wati nyingi, boksi dogo
Wapiga besi wa bendi na kwaya waliochoka kubeba maboksi makubwa, wakahamia boksi dogo la spika moja ya inchi 10, huniuliza: amplifaya yangu ina wati 500, boksi limeandikwa wati 250, je, litaungua? Tuanze na omu. Amplifaya nyingi za transista hutoa hizo wati 500 kwenye omu 4. Ukiunganisha boksi moja la omu 8 unapata takriban nusu yake, au zaidi kidogo. Kinachoua spika ndogo mara nyingi ni kingine. Uzi mnene wa E, ukipigwa wazi, hutetema mara 41 kwa sekunde, na ukishuka oktava moja kwa ukubwa uleule wa sauti, karatasi ya spika hulazimika kusafiri mara nne ya mwendo wake wa awali. Inafika mwisho, inagonga, inachanika, hata kabla koili haijapata joto la kuiunguza. Wati zilizoandikwa mgongoni mwa boksi kwa kawaida hueleza joto hilo tu, na inanisikitisha kuona vijana wakiziamini kama kiapo huku kitufe cha besi wamekizungusha hadi mwisho. Punguza besi, ongeza sauti za kati, sikiliza; spika ikikoroma, shusha. Na fedha zikipatikana, usikimbilie amplifaya kubwa zaidi: wati mara mbili huleta desibeli 3 tu, ilhali boksi la pili la aina ileile, likiifikisha amplifaya yako kwenye omu 4, huleta karibu 6.