Virunga isiwe marufuku tu kwa wakaaji

Kusini mwa India, katika jimbo la Kerala, hekalu la Wahindu la Sabarimala liko ndani ya Periyar, hifadhi ya chui milia. Mamilioni ya mahujaji wanapita humo kila mwaka, katika majira yaliyopangwa. Desturi inawataka wafunge siku 41 kabla ya safari. Takataka zao zimeleta shida, hata mahakama ikakataza plastiki. Lakini wanaingia kwa sheria, si kwa kujificha.

Kwetu Luofu, mtaani Lubero, Virunga iko karibu. Tangu ianzishwe mwaka 1925, wakaaji wengi wanaijua kwa neno moja: marufuku. Nani atalinda asichoruhusiwa hata kukiona? Usalama ukirudi, ICCN na machifu wakae na raia, waandike pamoja njia, siku na masharti ya kuingia.