Kinywa kinanuka? Chunguza kwanza sahani yako

Msomaji mpenzi, kuna maradhi ambayo mwenye nayo huwa wa mwisho kuyajua. Mojawapo ni kunuka kinywa. Pua huizoea harufu ya mwenyewe, na ndiyo maana mtu anaweza kupanda matatu Ruiru, akaongea na jirani yake hadi Thika, asijue kwa nini mwenzake ametazama dirishani safari nzima.

Mama mmoja wa Ruiru alinisimulia masaibu yake. Bwanake, mfanyabiashara wa mjini Thika, alikuwa ameanza kumpa mgongo kitandani na kuzungumza kwa kuziba mdomo kwa mkono. Mama akashuku kuna mwanamke wa kando. Kumbe mzee alikuwa amewasikia wafanyakazi wake wakimcheka kwa sababu ya harufu ya kinywa chake, na aibu ikamnyamazisha. Nusura nyumba ivunjike!

Nilimuuliza mama huyo bwanake hula nini. Asubuhi hutoka bila kuonja kitu. Mchana kutwa ni kahawa, kikombe baada ya kikombe. Jioni ni nyama choma na kachumbari, kisha kitandani bila kupiga mswaki. Hebu tuichambue siku hiyo.

Tuanze na njaa. Mate ndiyo maji ya kuosha kinywa. Usingizini hupungua, na hiyo ndiyo sababu karibu kila mtu huamka na harufu. Kutafuna huyarudisha mate, lakini anayeshinda na njaa hukaa na kinywa cha alfajiri mpaka jioni. Tena mtu akikaa muda mrefu bila kula, au akiacha kabisa ugali, viazi na mkate ili akonde, mwili huanza kuchoma mafuta. Hapo hutokea kemikali ziitwazo ketoni, ambazo hutoka na pumzi. Harufu hiyo haiondolewi na mswaki.

Kahawa nayo hatuwezi kuikana, hasa sisi tunaoishi karibu na Ruiru, mji uliolipa jina lake zao la Ruiru 11, aina ya kahawa iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985. Hata hivyo, harufu yake huganda ulimini, na sukari unayotia huwalisha bakteria. Kila kikombe kifuatwe na gilasi ya maji.

Nyama si adui, ila nyuzi zake hukwama kati ya meno. Bakteria huzivunjavunja na kutoa gesi za salfa, za ukoo mmoja na harufu ya yai bovu. Maskani yao makubwa ni sehemu ya nyuma ya ulimi, mahali ambapo wengi hawafikishi mswaki.

Na vitunguu? Hasa kitunguu saumu, baada ya kusagwa tumboni, hemikali yake huingia katika damu, ikafika mapafuni na kutoka na pumzi. Unaweza kupiga mswaki mara kumi na bado ukanuka hadi kesho yake. Kinachosaidia ni kunywa maziwa pamoja na chakula hicho, au kutafuna tufaha bichi au majani ya nanaa.

Nanyi wanafunzi, msijidanganye kwa peremende. Hiyo yenye sukari huficha harufu kwa dakika chache, kisha huwa karamu ya bakteria. Afadhali karoti, au githeri inayotafunwa kwelikweli. Nanasi letu la Thika pia huleta mate, lakini lina asidi. Ukishalila, suuza kinywa kwa maji na ungoje nusu saa kabla ya kupiga mswaki, usije ukaukwangua ugumu wa meno.

Lakini chakula peke yake hakitoshi. Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara. Sugua ulimi taratibu, na utoe mabaki kati ya meno kwa uzi wa meno. Fizi zikivuja damu au jino likiwa na tundu, nenda kwa daktari wa meno, kwani harufu nyingi huanzia papo hapo kinywani. Pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, pamoja na kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara, hiyo huenda ikawa dalili ya ugonjwa wa kisukari. Kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Yule mama hatimaye aliketi na bwanake wakiwa wawili tu, watoto wamelala, akamwambia kwa upole: "Baba watoto, nalijua linalokusumbua, na lina dawa." Walikwenda pamoja kwa daktari wa meno, akaondolewa ukoga uliokuwa umejijenga kwenye fizi. Siku hizi mzee hatoki bila uji, na chupa ya maji haimwachi.

Basi msomaji, ukimjua mwenye taabu hii, usimcheke wala usimwambie mbele ya watu. Mwite kando. Na ukiambiwa wewe, usikasirike, kwani aliyekuambia anakupenda. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hadi Jumapili ijayo, kula vizuri na utabasamu bila kuziba mdomo.