Tumuulize mzee kabla ya kukodi gari

Mfanyabiashara wa Mpondwe anaijua simu ya Ijumaa. Soko limejaa, mzigo wake bado haujavuka daraja la Lhubiriha, na ndugu anapiga kusema mzee amezidiwa, yuko hospitali ya Bwera. Jibu letu ni lile lile: "Mpelekeni Mbarara, pesa natuma." Mbarara ikishindikana, Kampala. Aliyetuma pesa hakumuuliza mzee. Aliye kando ya kitanda naye hakuuliza, maana mwenye pesa keshasema.

Mimi nilimfanyia hivyo bibi yangu. Saratani ilikuwa imeenea, na daktari alituambia wazi kwamba upasuaji hautamponya. Nikakopa, nikakodi gari. Mara mbili njiani aliniomba turudi Kasese, akalale anapowasikia wajukuu. Nilidhani ni maumivu yanayosema. Alifariki siku ya nne, wodini, mimi nikiwa dirishani kwa karani nikibishania bili. Lile deni nililimaliza baada ya miaka miwili.

Sisemi wazee wasitibiwe. Malaria ya mzee inatibika kama ya kijana, na wapo wanaotaka kupambana hadi pumzi ya mwisho. Hao wapelekwe. Lakini uamuzi ni wao, na waulizwe wakiwa bado na kauli.

Tunaogopa kwamba kumrudisha mgonjwa nyumbani ni kumtupa. Si lazima iwe hivyo. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilifundisha nchi hii kutuliza maumivu ya mgonjwa akiwa kitandani pake. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea huduma hiyo kuandika morfini. Kabla ya hapo ilikuwa kazi ya daktari. Morfini ya maji hutengenezwa hapa hapa Uganda na hutolewa bure. Kabla ya kukodi gari, muulize daktari kuhusu tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu pale ugonjwa usipoponyeka.

Sisi wa mpakani tuna swali la ziada. Wakonzo na Wanande ni ndugu. Mzee mmoja ana watoto Kasese na wengine Beni au Butembo. Anataka kuuguziwa upande upi? Azikwe wapi? Maiti haivuki mpaka bila hati, na nimeona ndugu wakigombana barabarani huku jeneza likisubiri garini. Na akishindwa kusema, nani amsemee? Mara nyingi tunadhani ni yule mwenye mtaji mkubwa. Huenda mzee anamtaka binti anayemwogesha.

Mwezi uliopita nilimuuliza mama, tukichambua maharage. Hakushtuka. Alisema dawa atakunywa, sindano atachomwa, Kampala haendi. "Na simu ashike dada yako," akaongeza. "Wewe husikii."