Kutu ya Ubongo na Vidonge vya Vitamini

Bilinganya lililokatwa vipande na kuachwa mezani hugeuka rangi likawa la kahawia. Mpishi akilitumbukiza katika maji yenye ndimu, weupe wake hudumu. Mwalimu wa kemia anayelifanya jaribio hili darasani huwaonyesha wanafunzi mambo mawili kwa mara moja: kwamba oksijeni, ambayo bila hiyo binadamu hawezi kuishi, ni haribifu pia, na kwamba ziko kemikali zinazoweza kuuzuia uharibifu huo. Hatari huanza pale mwanafunzi anapokata shauri kwamba lililo kweli juu ya bilinganya ni kweli vilevile juu ya ubongo wa babu yake.

Fikira hiyo ndiyo inayouzia vidonge vya vitamini vinavyodaiwa kuwarudishia wazee kumbukumbu. Inastahili kupimwa kwa makini, kwa kuwa fedha zinazovinunua mara nyingi ni za jamaa wasio na ziada.

Maradhi yenyewe yalipata jina kwa daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906, katika mkutano wa madaktari mjini Tübingen, alieleza habari za mwanamke aliyelazwa hospitalini mjini Frankfurt mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 51 tu, hali amekwisha kupotewa na kumbukumbu. Baada ya kifo chake, Alzheimer aliukagua ubongo wake kwa hadubini, akaona mabaka nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Siku hizi yajulikana kwamba mabaka hayo ni ya protini iitwayo amiloidi-beta, na nyuzi hizo ni za protini iitwayo tau.

Oksijeni inaingiaje katika habari hii? Ubongo ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Ndani ya mitokondria, ambamo chakula huunguzwa ili kutoa nguvu, sehemu ndogo ya oksijeni huponyoka ikiwa imepokea elektroni chache kuliko zinazohitajika kuituliza. Hiyo ni radikali huru: chembe yenye elektroni isiyo na mwenziwe, nayo hupora elektroni kwa jirani yeyote. Jirani wa karibu ni mafuta ya utando wa seli, ambayo ubongo unayo kwa wingi. Pakiwapo chuma kilicho huru, haidrojeni peroksaidi hugeuka kuwa radikali kali zaidi. Mwili haukuachwa bila silaha. Mwaka 1969 wanasayansi wa Marekani, McCord na Fridovich, walikitambua kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzituliza radikali za oksijeni. Uzalishaji unapoushinda ulinzi, hutokea hali iitwayo msongo wa oksidisho. Alama zake zimeonekana wazi katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer: katika mafuta, katika protini, hata katika asidi za urithi. Hakuna mtaalamu anayelipinga hilo.

Lakini kuonekana kwa uharibifu mahali penye maradhi si ushahidi kwamba ndio ulioyaleta. Huenda ukawa moshi tu, na apepeaye moshi hauzimi moto. Ndiyo maana majaribio juu ya wagonjwa wenyewe hayaepukiki.

Mwaka 1997 yalitangazwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 341 nchini Marekani. Waliopewa vitamini E kwa kipimo kikubwa walionekana kuchelewa kufikia hali ya kutojiweza, ingawa kumbukumbu zao hazikuboreka. Matumaini yakapanda. Mwaka 2005, watu 769 waliokuwa wameanza kusahau walifuatiliwa kwa miaka mitatu. Vitamini E haikuwafaa kitu kuliko vidonge bandia. Mwaka 2014, miongoni mwa wanajeshi wa zamani 613 waliokuwa tayari wagonjwa, vitamini hiyo ilipunguza kasi ya kupoteza uwezo wa kujihudumia, lakini haikuzisaidia kumbukumbu. Si haki kusema kwamba haina faida yoyote. Ni udanganyifu kuiita tiba. Tena vipimo vilivyotumika vilikuwa vikubwa mno kuliko vipatikanavyo katika chakula, na si vya mtu kujipimia nyumbani.

Fundisho kubwa zaidi, hata hivyo, limo katika jaribio dogo la mwaka 2012 ambalo nadra kutajwa na wauzaji. Kwa wiki 16 wagonjwa kadhaa walipewa vitamini E, vitamini C na asidi ya lipoiki kwa pamoja. Alama ya oksidisho katika majimaji ya uti wa mgongo ilipungua kweli, kama nadharia ilivyoagua. Amiloidi na tau hazikubadilika. Na akili za wagonjwa hao, zilipopimwa, zilikuwa zimedhoofika upesi kuliko za wenzao waliopewa vidonge bandia.

Dawa mpya zinazoshambulia amiloidi yenyewe zimefika mbali kidogo. Lekanemabu, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, ilipunguza kasi ya maradhi kwa asilimia 27 katika miezi 18, pamoja na hatari ya ubongo kuvimba au kuvuja damu. Matumizi yake yanahitaji mashine za kupiga picha za ubongo mara kwa mara, jambo lililo mbali na hospitali nyingi za wilaya.

Wala wagonjwa si wa Ulaya na Marekani tu. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliona kwamba wazee wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wamepotewa na akili kwa maradhi ya aina hii. Kwa familia zao, fedha ya vidonge ingefaa zaidi ikitumika kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, ambavyo vyote viwili huongeza hatari ya maradhi haya na vyote viwili vina dawa zinazojulikana.

Na bilinganya lisiondolewe darasani. Likishageuka rangi, mwalimu na aandike ubaoni matokeo ya mwaka 2012: alama imeshuka, mgonjwa amezidi kudhoofika. Kisha awaulize wanafunzi ni kipi kati ya hivyo viwili ambacho daktari alikuwa akikitafuta.